Kanuni Kumi na Moja na Kadi Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Zimekwisha! Kanuni kumi na moja, kurasa tatu, nimezichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Printa ilikwama mara nne, ya tano ikakubali. Nimezibandika ukutani juu ya kabati la mafaili, pale ilipokuwa kalenda ya kakao. Kalenda nimeipeleka nyumbani.

Sababu ya kuzitunga naijua mimi kuliko mtu yeyote. Mwaka jana alikuja kijana wa chuo — jina silitaji — akawahoji wafungwa wangu wa nje wakiwa na majembe mkononi, mbele za watu, na picha akawapiga. Picha moja ikaibukia kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Mama aliyeonekana kwenye picha hiyo alikuwa amewaambia wenzake kwamba anafagia soko kwa kujitolea! Aliacha kuimba. Mpaka leo hajarudi. Nikamwandikia mkuu wangu Mbeya, naye akajibu: basi tunga utaratibu, Nsajigwa, wewe una muda.

Nina muda! Watu thelathini na mmoja wanaotumikia adhabu nje ya gereza, afisa probesheni mmoja, pikipiki moja, na mvua za Kyela. Lakini nimetunga.

Nasema ukweli, ni nzuri. Hakuna utafiti bila kibali. Mtu anaombwa, hashurutishwi — kukubali hakumpunguzii hata saa moja ya adhabu, kukataa hakumwongezei. Mimi nisiwepo wakati wa mahojiano, wala nisisikie. Jina halitajwi, namba tu. Ya tano ndiyo moyo wa zote: alichoambiwa mtafiti hakirudi kwa afisa wala hakifiki mahakamani, isipokuwa pale ambapo kuna mtu anataka kumdhuru mwenzake. Nyingine ni za mafaili na funguo.

Elizabeth amezisoma huku anakaanga mbasa. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la sita, hasomi kitu bila kalamu nyekundu kichwani. Kasema nzuri. Halafu kacheka. Nikamuuliza anacheka nini, akasema samaki wanaungua.

Jumatano, 4 Juni

Mtafiti wa kwanza chini ya kanuni zangu amefika. Diana, binti wa chuo huko Dar es Salaam, miwani mikubwa, viatu vya kufaa matope — hapo alinipendeza. Anataka kujua familia inaishije pale mmoja wao anapotumikia kifungo cha nje. Kibali anacho. Barua anayo. Kanuni amezisoma zote akiwa amesimama, akauliza maswali sita, matano ya maana.

Leo ilikuwa siku ya kuripoti, kwa hiyo watu walikuwa wengi ofisini. Nikawaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, taratibu. Kwamba ni hiari. Kwamba kila mtu atahojiwa mara mbili, wiki moja kati. Aliyekubali akaweka sahihi mezani kwangu, nami nikampa kadi.

Kadi ni wazo langu! Nimezikata jana kwa karatasi ya manila na mkasi wa Elizabeth. Kila kadi ina namba na mhuri wa ofisi, basi. Anayefika na kadi namba tatu ndiye Namba Tatu, Diana haulizi jina, hana orodha, haoni faili. Orodha ninayo mimi, nimeifungia. Hata mwizi akiiba daftari lake hataambulia kitu.

Walioombwa ishirini na watatu. Waliokubali ishirini na watatu! Diana alisema hajawahi kuona. Nikamwambia huku watu wana adabu. Namba Saba, yule aliyempiga jirani kwa ajili ya maji ya mpunga, aliipokea kadi kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema ndaga fijo, asante sana. Kama nimempa zawadi.

Jumatatu, 9 Juni

Mahojiano yameanza. Diana amepewa chumba kimoja hapa Mbugani, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kanuni ya tatu: nisisikie. Nimehesabu hatua mia moja na ishirini kutoka mlango wa chumba hadi kwenye benchi la mama wa chai, nikaketi huko tangu saa tatu mpaka saa saba. Vikombe vitano.

Saa tano mtu mmoja alicheka sana mle ndani. Hatua mia na ishirini, nikamsikia! Alicheka nini? Mimi nina nini cha kuchekesha?

Sikumuuliza Diana. Alipotoka nikamuuliza habari za joto tu.

Alhamisi, 12 Juni

Simu kutoka Mbeya. Mkuu amezisoma kanuni, amefurahi, anataka niziwasilishe tarehe 30 mbele ya maafisa wenzangu wa mikoa ya kusini yote. Nisimame, nieleze, nijibu maswali. Kasema huenda zikachukuliwa na idara nzima.

Idara nzima!

Nimetoa suti kabatini. Inabana kidogo tumboni, nikisimama wima haionekani. Elizabeth amenishauri nisimame wima siku nzima.

Jumanne, 17 Juni

Mavuno yamepamba moto. Kila ua umetandikwa turubai, mpunga juu, kuku na watoto wanafukuzana. Mtu yeyote mwenye mikono yuko shambani. Hata hivyo raundi ya pili ya mahojiano imeanza leo na hakuna aliyekosa. Kadi zote zilizoitwa zimefika, kwa saa yake. Nidhamu hiyo sijawahi kuiona kwenye kikao chochote cha wilaya.

Alhamisi, 19 Juni

Diana alikuja ofisini saa kumi, akafunga mlango. Akasema ana swali la kanuni, siyo swali la mtu. Nikamwambia karibu, kanuni ndiyo nyumbani.

Akauliza: ikiwa namba moja imekuja na watu wawili, afanyeje?

Sikuelewa. Akarudia polepole, anachagua maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Raundi ya kwanza alikuja mtu na kadi. Raundi ya pili kadi ileile, mtu mwingine. Wa kwanza ana mke na watoto, wa pili hajaoa. Alipomuuliza, yule wa pili alishangaa, akasema leo ni zamu yake, mwenzake yuko shambani. Sasa huyu wa pili hakuwahi kuombwa ridhaa. Maneno yake ayachane? Na ya wa kwanza?

Nikamuuliza namba ngapi.

Akanitazama. Akasema: kanuni ya tano, Mzee.

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikampongeza. Nikamwambia achane ya wa pili. Alipoondoka nikakaa nikitazama ukuta. Mhuri wa ofisi yangu, manila yangu, mkasi wa mke wangu — na yeyote akiishika kadi amekuwa mtu mwingine.

Sasa neno linalonisumbua ni hilo moja. Zamu. Zamu ya nini?

Ijumaa, 20 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Asubuhi nilifungua madaftari ya mahudhurio. Ni haki yangu, ni kazi yangu. Wakati wa mavuno kila mtu ana pengo — mmoja kaugua, mwingine kafiwa, mwingine kachelewa. Mmoja tu hana pengo hata moja tangu katikati ya Mei, na zamu ndiyo isiyo na pengo. Saa nne za kazi kila siku, bila kukosa, anakatia nyasi na kuchimba mitaro kwenye zahanati ya kijiji fulani upande wa Talatala. (Hata hapa sitaji kijiji.) Kadi namba saba. Ambilikile.

Nikawasha pikipiki.

Zahanati ina nesi mpya, alihamia Mei, ndiye anayesaini daftari. Akanipokea vizuri, akanisifia Ambilikile — mchapakazi, mpole, hata maji anachotea wajawazito. Akanionyesha upande wa nyuma. Kijana ameinama, anafyeka. Nikaita: Ambilikile! Akaitika. Akageuka, akaja mbio, akainama, akanisalimia kama baba yake: mugonile, tata. Mwili uleule, kimo kilekile. Ningegeuka nikarudi zangu nimeridhika.

Ila alitabasamu. Ambilikile hana jino la mbele, liling'oka siku ya ugomvi wa maji, liko hata kwenye maelezo ya polisi. Huyu ana meno yote.

Nikamuuliza wewe ni nani. Hakujificha hata kidogo! Andongwisye, mdogo wake. Akashangaa nashangaa nini.

"Tata, kazi si imefanyika? Tazama mtaro ule. Kaka angekuwa na shamba la kulima tungelima wote. Hii nayo tunalima wote."

Nikasema adhabu ni ya mtu mmoja. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni anayekosea njia.

Mke wa kaka yake alijifungua mapacha Mei kumi na tisa. Bibi yao akasema baba wa mapacha asikanyage mahali wanapopimwa watoto wachanga wa watu mpaka mambo ya mapacha, yaani utakaso wa wazazi wao, yafanywe kama zamani, na wa kuyafanya ni mjomba aliyeko ng'ambo, Malawi, hajaja. Kliniki ya watoto iko palepale Ambilikile alipopangiwa kufyeka. Basi wakagawana. Siku nyingi Andongwisye, siku nyingine binamu. Aliyekuja anaitwa Ambilikile mpaka saa nane.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema walinisubiri. Nilikuwa napita kila wiki mbili, wakasema nikija watanieleza. Sikuja.

Kweli. Tangu Aprili sijafika kule. Nilikuwa naandika kanuni.

Nimerudi mjini na hasira. Nilimkasirikia bibi, nikamkasirikia mjomba wa Malawi, nikaikasirikia manila. Kisha nikagundua jambo ambalo halikunikasirisha, lilinitisha. Leo asubuhi sikuwa na sababu nyingine yoyote ya kufungua lile daftari, isipokuwa swali la Diana.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa Ambilikile. Nilijiambia naenda kuona watoto. Nilibeba sabuni na sukari.

Sisi Wamoravian mambo ya mapacha tuliyaacha siku nyingi, hivyo ndivyo tunavyosema. Lakini bibi yule huwa namwona kanisani, kiti cha pili, anaimba sauti ya tatu. Alinikaribisha kwa furaha, akanieleza bila aibu. Hamzuii mjukuu wake kwa ajili yake mwenyewe. Ni kwa ajili ya watoto wa watu. Wakiharisha wiki ijayo, ataulizwa nani?

Nilitaka kujibu. Nikamkumbuka mama yangu, Mkristo kuliko mimi, alivyotuvusha upande wa pili wa njia tulipopita nyumba ya mapacha. Nikamkabidhi sabuni na sukari.

Ambilikile alitoka na mtoto kila mkono. Wa kiume na wa kike. Mkewe, Anyisile, bado amekonda, anatembea anashika ukuta. Ambilikile ndiye anayefua, ndiye anayechemsha maji, mpunga wao umevunwa na majirani. Nikamuuliza kuhusu mahojiano, ilikuwaje akamtuma mdogo wake. Akajibu wazi: siku ile walihitajika watu wa kupura, na Andongwisye alikuwa anatoka zahanati hata hivyo.

"Si ni sehemu ya adhabu? Tulisaini kwako, mezani, tata. Na mhuri."

Nikasema niliwaambia ni hiari. Akakubali, ndiyo, ulisema. Akasema wote waliongea nje baada ya pale. Walikubaliana kwamba Bwana Probesheni ni mtu mstaarabu, anaamrisha kwa kuomba.

Ishirini na watatu kati ya ishirini na watatu. Nilijisifia hapa hapa, kurasa chache nyuma.

Jumatatu, 23 Juni

Adhabu ya Ambilikile inaisha tarehe 30. Ijumaa hii fomu ya kumaliza inatakiwa mahakamani, na sahihi ni yangu. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Ninathibitisha kuwa aliyetajwa hapo juu ametumikia adhabu yake yeye mwenyewe na kwa ukamilifu." Nikisaini, ni uongo. Nikiandika ukweli, ametoroka adhabu kwa wiki tano, na hakimu anaweza kumpeleka gerezani amalizie huko. Anyisile na mapacha wa wiki tano. Na ukweli wenyewe nimeupata kwa mlango ambao nimeufunga mimi, kwa kufuli langu, kanuni ya tano.

Nimemweleza Diana yote. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Amesema yeye hakutaja namba. Nikasema kweli hakutaja. Amesema aliniuliza kanuni, na mimi nikachukua swali lake nikalifanya tochi. Wale watu wakijua, hakuna atakayezungumza na mtafiti tena Kyela hii, na watakuwa na haki. Nikamwita binti yangu, nikaanza kumweleza wajibu wa afisa. Akasema: Mzee, usiniite binti yako leo.

Imeniuma. Alistahili kusema.

Elizabeth alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamweleza nikitegemea huruma. Akaweka kalamu. Akasema siku ile alicheka kwa sababu kanuni zangu zote kumi na moja zinamfunga mtafiti, zinaifunga karatasi, zinalifunga kabati. Mimi hakuna hata moja inayonifunga, isipokuwa ile ya kunywa chai mbali.

Nikasema kwa nini hukuniambia? Akasema nilikuwa nimezibandika tayari.

Jumatano, 25 Juni

Siwezi kukaa na kulia. Nimefanya mambo mawili, na sasa najisikia mtu.

La kwanza. Kasha la sabuni, tundu juu, nimelipeleka kwenye duka la vipuri. Diana amezunguka vituo vyao vya kazi na bodaboda jana na leo, bila mimi, bila mhuri, kuwaambia wote ishirini na watatu maneno mapya: aliyekubali kwa kuniogopa mimi, au kwa kuniheshimu, arudishe kadi kwenye kasha, asiseme na mtu, maneno yake yatachomwa. Diana alikuwa bado amenuna, lakini alikwenda.

Jioni tumelifungua kasha. Kadi kumi na nne!

Nilizitandaza mezani. Mhuri, mhuri, mhuri. Utafiti wa binti wa watu umebaki na watu tisa. Nikamwomba radhi. Akazitazama muda mrefu, kisha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka. Akasema hao tisa ndio wa kwanza aliowapata. Wale ishirini na watatu walikuwa wangu.

Namba saba ni mojawapo ya kadi zilizorudi. Kwa hiyo Ambilikile amekataa, na maneno yake leo yamechomwa kwenye jiko la mama wa chai. Nimefurahi kwa ajili yake. Sijui kwa nini nimefurahi kiasi hicho.

Lakini nilichokiona kwa macho yangu zahanati hakichomeki.

La pili. Kanuni ya kumi na mbili: afisa haombi ridhaa kwa mtu anayemsimamia, wala mezani kwake, wala siku ya kuripoti. Ya kumi na tatu: afisa akisikia jambo la utafiti, hata kwa bahati mbaya, halifuatilii kwa miguu, kwa simu wala kwa daftari. Nimeziandika kwa kalamu, chini ya zile zilizochapwa. Mwandiko wangu mbaya, lakini zinasomeka. Mbeya nitakwenda na hizo hizo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda kwa Ambilikile. Nimekataa kiti, nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, ili tulingane.

Nimemwambia: najua. Nimejua kwa njia ambayo sikupaswa, kosa langu siyo la mtafiti. Fomu ya kesho siwezi kuisaini, maana ni uongo. Lakini pia sitaandika barua ya kukushtaki kwa jambo nililolifuata kwa mlango wa nyuma. Nitaipeleka tupu. Nikamwambia wazi kwamba fomu tupu haitalala, hakimu atauliza, na kwa nini ni tupu nitajibu kosa langu mwenyewe, la kuacha kukutembelea. La kwako la kusema au kunyamaza ni lako.

Akaniuliza: ungekuwa wewe ungefanyaje, tata?

Swali hilo nimelijibu miaka kumi na tisa. Nina jibu lake la Kiswahili, la Kinyakyusa na la semina. Leo nikafumba mdomo. Nilitamani sana kumwambia! Nyanya zote zilizokuwa kwenye ungo nilizimaliza kuzihesabu.

Bibi akasema kitu kutoka jikoni, Ambilikile akamwomba anyamaze. Anyisile alikuwa ananyonyesha mmoja na kumtikisa mwingine kwa mguu. Mwisho Ambilikile akasema atakwenda mwenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya fomu, atamwambia hakimu kwa mdomo wake: siku zangu zilizobaki nipangie mahali pasipo na watoto wachanga, hata kuzibua mitaro ya soko, nitazitumikia mimi, zote.

Nikafurahi, nikamshika mkono. Njiani kurudi, karibu na Ipyana, nikasimamisha pikipiki. Alisema ndiyo kwa sababu ameamua, au kwa sababu niliyekaa kwenye kinu ni Bwana Probesheni? Tarehe 4 nilidhani najua ndiyo ikoje.

Nadhani ameamua. Alimnyamazisha bibi yake mbele ya mgeni. Huku kwetu mtu hafanyi hivyo kwa kuigiza.

Nadhani.

Ijumaa, 27 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo, korido, saa nne na nusu. Fomu iko kwenye bahasha, tupu. Suti nimevaa. Inabana nikiketi pia.

Waliingia nusu saa iliyopita, na wamekuja wote! Ambilikile, Anyisile na mapacha wawili mgongoni na kifuani, na Andongwisye ambaye hakuna aliyemwita. Nilimwambia Andongwisye asubiri nje. Akaitikia ena, tata, ndiyo baba, kwa adabu zote, kisha akaingia.

Kuta ni nyembamba. Sisikilizi, ila nasikia. Ambilikile amesema vizuri, kwa ufupi, hakumlaumu bibi wala mimi. Wiki tano, akasema, na akataja tarehe. Nikadhani imekwisha salama, nikaanza kukunja bahasha.

Halafu sauti nyingine. Andongwisye. Anasema kama ni gereza, hizo wiki tano alizifanya yeye kwa jina la kaka yake, kwa hiyo hata kosa ni lake, apewe yeye. Kaka ana mapacha, yeye hana hata kuku. Ambilikile anamkatiza. Sasa wanazungumza pamoja, Kiswahili kimekwisha, ni Kinyakyusa kitupu, mtoto mmoja analia, wa pili amemfuata. Hakimu anagonga meza. Hakimu si mtu wa huku.

Nina maneno ya kusema tangu saa mbili asubuhi. Nimeyapanga: kosa la kutotembelea ni langu, nesi ni mgeni, kazi ilifanyika, kijana amejileta mwenyewe. Nilitaka kuongeza pia kwamba amejileta kwa hiari yake. Hilo nalizungusha kichwani na bado sijajua kama nina haki ya kulisema.

Karani ametoa kichwa mlangoni. Ananiita. Anasema wanaume wawili wamesimama mbele ya hakimu, wote wanaomba adhabu ileile, na hakimu anamtaka afisa anayewasimamia aje amwonyeshe kwa kidole ni yupi aliyepewa adhabu hiyo mwezi Januari.

Namjua. Naingia.